Kujenga Seva ya Nyumbani ya Mafaili na Filamu Isiyotafuna Umeme

Mwaka una saa 8,760. Kifaa kinachovuta wati moja tu, kikiwaka usiku na mchana, kitakuwa kimekula karibu uniti 9 mwaka ukiisha, kwa maana uniti moja ni kilowati-saa moja. Naanza na hesabu hii kwa sababu seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayohifadhi mafaili na filamu za familia na kuvipeleka kwenye vifaa vingine, haizimwi, na kila wati utakayoiacha ipotee leo itapotea kesho na mwakani pia.

Seva yangu ya kwanza ilikuwa kompyuta ya mezani iliyozeeka, ikiwa na kadi ya michoro ndani yake. Nilipoichomeka kwenye kipima-umeme ilisoma wati 62, na wakati huo hapakuwa na mtu aliyekuwa akitazama filamu wala kufungua picha. Hizo ni uniti 543 kwa mwaka za kungoja tu. Niliyonayo sasa husoma wati 11 diski zikiwa zimelala, yaani uniti 96, na kazi inayofanya ni ileile.

Ukiangalia siku nzima, seva ya familia hufanya kazi ya kweli saa 3 au 4. Saa 20 zilizobaki inangoja. Kwa hiyo katika kila uamuzi ulio hapa chini, uliza kwanza kifaa kinakula kiasi gani kikiwa kimetulia. Kinachokula kikifanya kazi kina uzito mdogo kuliko watu wengi wanavyodhani.

Hatua ya 1: Pata kipima-umeme

Kile kidogo kinachochomekwa ukutani, kisha kompyuta inachomekwa juu yake. Kinunue kabla ya kitu kingine chochote. Programu za kwenye kompyuta zinazodai kuonyesha matumizi ya umeme huona prosesa peke yake. Hazioni diski, feni, wala joto linalopotea kwenye pawa saplai, kifaa kinachoigawia kompyuta umeme. Ukikosa kipimo cha ukutani utabadilisha vitu kwa kubahatisha.

Hatua ya 2: Andika unachotaka kuhifadhi

Kaa na karatasi. Picha na video za familia zina ukubwa gani leo, na huongezeka kiasi gani kwa mwaka? Filamu na vipindi je? Watatazama watu wangapi kwa wakati mmoja, na kwa vifaa gani? Andika pia kama televisheni yako inacheza HEVC (mtindo mmoja wa kubana video) yenyewe, jambo tutakalolirudia kwenye hatua ya 8.

Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia idadi ya diski, na idadi ya diski huamua nusu ya bili. Diski ngumu ya inchi 3.5 inayozunguka bila kusoma wala kuandika hula wati 3 hadi 6, kutegemea aina. Diski nne za terabaiti 4 na diski moja ya terabaiti 16 zinabeba mzigo uleule, lakini zile nne zinaweza kufika wati 20 wakati ile moja iko kwenye 5. Chache na kubwa. Diski ndogo za zamani ulizozikusanya kabatini zinashawishi sana. Ziweke ziwe za nakala ya akiba, zichomekwe siku ya kunakili tu.

Hatua ya 3: Chagua mashine

Kuna njia mbili ninazozipendekeza bila wasiwasi.

Ya kwanza ni bodi au kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023. Ina kori nne, na ndani yake kuna sehemu ya video inayosoma mitindo ya video ya H.264, HEVC ya biti 10 na AV1. Kwa mafaili na filamu za nyumba moja inatosha kabisa.

Ya pili ni kompyuta ndogo ya ofisini iliyokwishatumika, aina ya Lenovo ThinkCentre, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, yenye Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi zenye mamia ya kompyuta, kwa hiyo watengenezaji walihangaika kweli kupunguza umeme zinapotulia. Shida yake ni nafasi: ile ndogo kabisa haina pa kuweka diski ya inchi 3.5. Chukua umbo la kati, lenye nafasi ya diski moja au mbili na kebo za SATA za ndani za kuunganishia diski.

Raspberry Pi 5 inakula kidogo mno na inafaa kugawa mafaili. Kwa filamu, hata hivyo, haina kisimbaji cha video ndani ya chipu, hivyo siku kifaa cha mtazamaji kitakapohitaji video igeuzwe, itaelemewa.

Usidanganywe na namba ya TDP. TDP huelezea joto ambalo kipozeo kinapaswa kulimudu prosesa ikiwa kazini. Prosesa yenye TDP ya wati 65 na yenye TDP ya wati 35 za familia moja, zikitulia, hukaribiana sana kwenye kipimo cha ukutani.

RAM ya gigabaiti 8 inatosha, 16 kama utaongeza huduma nyingine. Kadi ya michoro usiweke.

Hatua ya 4: Pawa saplai, mahali ambapo wati hupotea kimyakimya

Hapa ndipo wengi hukosea, nami nilikosea. Tunaona alama ya ufanisi ya 80 PLUS Gold kwenye boksi la pawa saplai ya wati 650 tunadhani tumemaliza. Soma vipimo vyenyewe: ngazi za Bronze, Silver, Gold na Platinum hupimwa mzigo ukiwa asilimia 20, 50 na 100. Titanium ndiyo inayopimwa pia kwenye asilimia 10. Sasa seva yako ikitulia kwenye wati 13, hiyo ni asilimia 2 ya 650. Huko chini hakuna alama inayokuhakikishia kitu, na pawa saplai yenyewe inaweza kuteketeza karibu sawa na inachokipeleka.

Chagua ndogo kadiri inavyowezekana bila kuhatarisha mashine. Bodi inayotumia adapta ya nje kama ya kompyuta mpakato ni nzuri sana kwa diski moja au mbili. Lakini piga hesabu ya kuwasha: diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya wati 20 kwa sekunde chache. Diski nne zikianza pamoja zinataka takriban wati 100 kabla hujahesabu mazabodi. Adapta ya wati 60 hapo itazima kila kitu, au mbaya zaidi, volti itashuka diski ikiwa inaandika.

Hatua ya 5: Nunua diski, kisha zitese

Tafuta diski zinazoandika kwa mtindo wa CMR, ambao mistari ya data haipandani. Zile za SMR hupanga mistari ya data ikipandana kama vigae vya paa, kwa hiyo kubadilisha kipande kimoja hulazimu kuandika upya vya jirani. Kazi ndefu ya kuandika huzifanya zikokote. Watengenezaji huchapisha aina kwenye karatasi ya maelezo ya diski. Isome kabla ya kulipa.

Pamoja na diski hizo, weka SSD ndogo (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya mfumo endeshi. Hii hatulegezi kamba. Logi (kumbukumbu za matukio ya mashine), hifadhidata, mabango ya filamu na faili za muda vyote vikae kwenye SSD. Vikikaa kwenye diski kubwa, haitalala hata dakika moja.

Diski mpya ikifika, usiiamini. Endesha kipimo kirefu cha afya ya diski, `smartctl -t long /dev/sdb`, na uiache imalize, kazi inayoweza kuchukua siku nzima kwa diski kubwa. Kisha `smartctl -a /dev/sdb` na utazame mistari yenye namba ya utambulisho (ID) 5, 197 na 198. Kwenye diski mpya, thamani ghafi za mistari hiyo mitatu zinapaswa kuwa sifuri. Diski iliyoanza na sekta mbovu irudishe ungali na haki ya kuirudisha.

Hatua ya 6: Mfumo endeshi na mpangilio wa diski

Sakinisha Debian, aina mojawapo ya Linux, bila mazingira ya picha, chagua SSH (njia ya kuiendesha mashine kutoka kompyuta nyingine) na huduma za msingi peke yake. Anayependa kuendesha kila kitu kwenye kivinjari aweke OpenMediaVault, iliyojengwa juu ya Debian hiyohiyo.

Sasa swali zito: diski ziunganishwe vipi?

RAID 5, mfumo wa kuunganisha diski ziwe kitu kimoja, na binamu yake wa ZFS, hukata kila faili vipande na kuvisambaza kwenye diski zote. Ni mifumo imara, lakini mtoto akifungua katuni moja, diski zote zinaamka na zitazunguka mpaka katuni iishe. Kwa seva ya filamu, mimi natumia mergerfs pamoja na SnapRAID. Kila diski inabaki na mfumo wake wa mafaili, na kila faili iko nzima kwenye diski moja. mergerfs huzionyesha zote kama folda moja. Katuni ikifunguliwa inaamka diski moja, nyingine zinaendelea kulala.

Umbiza kila diski hivi:

`mkfs.ext4 -m 0 /dev/sdb1`

Ile `-m 0` ni ya muhimu: ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya mfumo, na kwenye terabaiti 12 hizo ni gigabaiti 600 zinazokaa bure. Kwenye `/etc/fstab`, orodha ya diski zinazofunguliwa mashine ikiwaka, tumia UUID (kitambulisho cha kudumu cha diski) badala ya majina kama sdb, ambayo hubadilika, na uongeze `noatime,nofail`. Kisha mstari wa kuziunganisha:

`/mnt/diski* /mnt/hazina fuse.mergerfs category.create=ff,minfreespace=50G,fsname=hazina 0 0`

`ff` inamwambia mergerfs ajaze diski ya kwanza yenye nafasi kabla ya kugusa inayofuata. Watu wengi hupendelea `mfs`, ambayo hutafuta diski yenye nafasi kubwa zaidi. Hiyo husambaza msimu mmoja wa tamthilia kwenye diski tatu, na kila kipindi kinaamsha nyingine.

SnapRAID, inayokukinga data isipotee diski ikifa, inahitaji diski moja ya ulinzi, isiyo ndogo kuliko kubwa kabisa kati ya zile za data. Faili ya mipangilio ni fupi:

`parity /mnt/ulinzi/snapraid.parity`
`content /var/snapraid/snapraid.content`
`content /mnt/diski1/snapraid.content`
`data d1 /mnt/diski1/`
`data d2 /mnt/diski2/`

Panga `snapraid sync`, amri inayosasisha ulinzi huo, iendeshwe mara moja kila usiku. Diski ya ulinzi itafanya kazi dakika chache, kisha italala mpaka kesho. Ujue udhaifu wake pia: faili uliyoiweka mchana haina ulinzi mpaka sync ya usiku ipite. Kwa filamu hilo halinisumbui. Kwa picha za harusi, usizifute kwenye kamera siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Laza diski, laza prosesa

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotaka subira.

Anza na diski. Kwenye `/etc/hdparm.conf` andika kila diski kwa jina lake la `/dev/disk/by-id/` na uipe `spindown_time = 241`. Namba 241 maana yake ni nusu saa. Kuanzia hapo kila namba huongeza nusu saa nyingine, hivyo 242 ni saa nzima. Usiweke dakika tano. Kuzima na kuwaka kuna gharama yake, kwa motokaa na kwa diski pia, na diski inayoamshwa mara 40 kwa siku haitakushukuru. Nikiona diski yangu inaamka zaidi ya mara 4 au 5 kwa siku, natafuta anayeiamsha.

Kumtafuta ni rahisi. `hdparm -C /dev/sdb` hukuonyesha kama diski imelala bila kuiamsha. Ikiwa macho saa tisa usiku, endesha `fatrace` uone ni programu gani inayogusa faili zake. Washukiwa wa kawaida ni ukaguzi wa smartd, programu inayofuatilia afya ya diski (mwongezee `-n standby` ili asiamshe diski iliyolala), programu ya kupakua iliyoelekezwa kwenye diski kubwa badala ya SSD, na ukaguzi wa maktaba wa programu ya filamu.

Baada ya diski, prosesa. Prosesa za sasa zina ngazi za usingizi, kutoka C1 mpaka C10 kwenye baadhi yake, na kushuka ngazi za chini kunaweza kuokoa wati kadhaa. Tatizo ni kwamba kifaa kimoja tu kisichojua kusinzia, kikichomekwa kwenye PCIe (njia inayounganisha kadi na prosesa), huizuia chipu nzima isishuke.

Ingia kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine unaofunguka kabla ya mfumo endeshi. Washa C-states zote (ndizo ngazi hizo za usingizi), washa ASPM (usingizi wa njia ya PCIe), zima sauti, zima Wi-Fi kama unatumia kebo, zima bandari usizozitumia. Ukirudi kwenye Debian, endesha `powertop` na ufungue ukurasa wa Idle stats. Safu ya Pkg, yaani chipu nzima, ndiyo ya kutazama. Ukiona inakwama kwenye C2 au C3, yupo mzuiaji. Mfichue hivi:

`lspci -vv | grep -E '^[0-9a-f]|ASPM.*abled'`

Kwangu mzuiaji alikuwa kadi ya kuongeza bandari za SATA. Nilihangaika na BIOS wiki mbili kabla sijaichomoa kwa bahati nikiwa nasafisha vumbi, na kipimo kikashuka wati 7 papo hapo. Kadi kuukuu za RAID za seva za makampuni ndizo nzito zaidi: zenyewe hula wati kama 10, na zinaifanya prosesa ikeshe. Kama lazima uongeze bandari, kadi zenye chipu ya ASM1166 zinaheshimu ASPM. Afadhali zaidi ni mazabodi yenye bandari za kutosha tangu mwanzo.

Halafu `powertop --auto-tune`, uiweke iendeshwe kila mashine inapowaka. Kibodi ya USB ikianza kusinzia ovyo usishtuke. Seva haina haja nayo.

Badilisha kitu kimoja, ngoja dakika kumi, soma kipima-umeme, andika. Ukibadilisha vitano kwa pamoja na mashine ikakwama, hutajua wa kumlaumu.

Hatua ya 8: Jellyfin, na sanaa ya kutogeuza video

Jellyfin ni programu huria ya kupeleka filamu kutoka kwenye seva hadi kwa mtazamaji, iliyochipuka kutoka programu nyingine ya aina hiyo, Emby, mwaka 2018. Ikishasakinishwa inapatikana kwenye bandari ya mtandao namba 8096. Hifadhidata na mabango yake viko `/var/lib/jellyfin`, yaani kwenye SSD, pale tunapotaka. Maktaba ielekeze `/mnt/hazina`, na ukaguzi wa maktaba upange saa za jioni watu wanapotazama, kwa kuwa diski zitakuwa macho tayari.

Filamu humfikia mtazamaji kwa njia mbili. Kifaa chake kikielewa faili ilivyo, seva inaipeleka tu, kazi nyepesi kama kunakili. Kisipoelewa, seva inaifungua na kuisimba upya papo kwa papo, na hapo umeme unapanda.

Kwa hiyo lengo la kwanza ni kuepuka kugeuza. Tumia programu ya Jellyfin ya televisheni au kisanduku kinachocheza HEVC badala ya kivinjari. Kagua ubora kwenye mipangilio ya mtazamaji: kama umewekewa kikomo cha chini, kila filamu itageuzwa bila sababu. Na kuna mwizi mmoja ambaye wachache wanamfahamu, nao ni manukuu, yale maandishi ya tafsiri chini ya filamu. Manukuu ya Blu-ray huja kama picha, siyo maandishi, na kifaa kisichoyamudu huilazimu seva kuyachora ndani ya video fremu kwa fremu. Tafuta manukuu ya SRT, ambayo ni maandishi matupu, ya filamu hiyohiyo na tatizo linaisha.

Pasipo budi, ifanye chipu ya video kazi hiyo badala ya kori za prosesa. Mpe mtumiaji wa Jellyfin ruhusa:

`usermod -aG render jellyfin`

Anzisha upya huduma, nenda kwenye dashibodi, sehemu ya uchezaji, uchague Intel QSV (ndiyo chipu ya video ya Intel) na uweke alama kwenye kodeki, yaani mitindo ya kubana video, ambazo chipu yako inazimudu. Kwenye N100 usiruhusu kusimba kwa AV1. Inaisoma AV1, haiiandiki. Hakikisha kwa `intel_gpu_top` filamu ikicheza: safu ya Video isipopanda, kori ndizo zinazobeba mzigo na feni itakuambia.

Hatua ya 9: Mafaili, mlango wa nje na nakala ya akiba

Gawa folda kwa Samba, programu ya kushiriki mafaili kwenye mtandao wa nyumbani, kila mwanafamilia na jina lake na nenosiri lake. Kebo ya gigabiti moja hupitisha zaidi ya megabaiti 100 kwa sekunde, na hata Blu-ray ya 4K haikaribii kiwango hicho, basi kasi ya gigabiti 10 na wati zake waachie wengine.

Usifungue bandari 8096 wala ya Samba kwenye rauta. Ukitaka kuifikia seva ukiwa mbali, weka WireGuard, njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani (VPN), ambayo tangu mwaka 2020 imo ndani ya kiini cha Linux.

Na nakala ya akiba: SnapRAID hukukinga na kifo cha diski. Haikukingi na wizi, moto, radi, wala folda iliyofutwa kisha sync ikapita juu yake. Filamu zinaweza kutafutwa tena. Picha za wazazi hazitafutiki. Zinakili kwenye diski ya nje, uichomoe, na uiweke nyumba nyingine.

Kama utaweka UPS, betri inayoshikilia mashine umeme unapokatika, ipime nayo ikiwa haina mzigo. Yangu hula wati 6 peke yake, karibu nusu ya seva nzima. Nimeamua kuibeba gharama hiyo kwa sababu umeme ukikatika diski inapoandika naweza kupoteza zaidi, ila niliamua nikiwa na namba mkononi.

Hatua ya 10: Acha kipimo siku nzima

Kipima-umeme kingi kina hesabu ya uniti zilizokusanyika. Ifute ianze sifuri, acha familia iendelee na maisha yake kwa saa 24, filamu ya jioni ikiwemo, halafu usome. Zidisha kwa 365. Hiyo ndiyo namba ya kweli ya seva yako, na ni bora kuliko namba ya dakika moja uliyoiona diski zikiwa zimelala.

Jaribio la mwisho ni la umeme kukatika. Kwenye BIOS tafuta mpangilio wa mashine kujiwasha yenyewe umeme unaporudi. Zima seva kwa utaratibu, chomoa waya ukutani, hesabu hadi thelathini, chomeka. Usiguse kitufe. Nenda ukakae mbele ya televisheni ungoje Jellyfin itokee, kisha baada ya nusu saa urudi uendeshe `hdparm -C` uone kama diski zimerudi kulala.